Chanjo ya nimonia: ipi ya mtoto, ipi ya mgonjwa, ipi ya mzee, na maudhi yake yakoje

Anayekwenda kuulizia chanjo ya nimonia hukutana na majina yanayofanana na tarakimu zinazopishana: PCV10, PCV13, PCV15, PCV20, PCV21, PPSV23. Wengi hudhani tarakimu kubwa ndiyo bora. Wengine hawafiki hata hapo, maana wamesikia kwa jirani kwamba sindano ile inatia homa, basi wanaahirisha mpaka mama yao mzee analazwa na mtungi wa oksijeni kitandani. Ndiyo maana naziweka chanjo hizi pamoja na maudhi yake katika ulinganisho mmoja, kwa kuwa mtu huchagua akiwa na mambo yote mawili kichwani.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kwanza angalia ni nani anayechanjwa. Pili angalia chanjo iko kundi gani, PCV au PPSV23. Tarakimu ije mwisho. Kuhusu maudhi, tofauti kati ya chanjo hizi ni ndogo mno kumfanya mtu achague kwa woga, isipokuwa mahali pamoja nitakapopaeleza.

Zinakinga nini hasa

Nimonia, ambayo wengine huiita homa ya mapafu au kichomi, huletwa na virusi, bakteria na hata fangasi. Chanjo tunazozilinganisha zinamlenga bakteria mmoja tu, nyumokokasi. Huyu hukaa puani na kooni mwa watu wengi, watoto wadogo hasa, bila kuwadhuru. Akipata upenyo hushuka mapafuni, huingia kwenye damu, au hufika kwenye utando wa ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, nimonia ya kila chanzo iliua watoto 740,180 wa chini ya miaka 5 mwaka 2019, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya umri huo.

Kwa hiyo aliyechanjwa anaweza bado kupata nimonia ya virusi, au kifua kikuu, au Korona. Chanjo haijamdanganya, hayo hayamo katika kazi yake. Wala haiwezi kumpa mtu nimonia, kwa kuwa haina bakteria hai ndani yake, ni vipande vya ganda tu.

Na kwa ndugu zetu wanaokwenda hija na umra: ile chanjo ya homa ya uti wa mgongo ambayo Saudi Arabia inaidai ni ya bakteria mwingine kabisa. Mzee aliyechomwa ile kabla ya safari hajachanjwa nimonia.

Makundi mawili

Nyumokokasi amejifunika ganda la sukari, na maganda hayo yanatofautiana. Aina zilizojulikana zimepita 100. Tarakimu kwenye jina la chanjo inahesabu aina ngapi za ganda zimo ndani ya kichupa.

PPSV23, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983, ina sukari za aina 23 zikiwa peke yake. Mwili wa mtu mzima huzitambua na kutengeneza kingamwili, ila haujengi kumbukumbu imara, na kinga hupungua miaka inavyokwenda. Mtoto wa chini ya miaka 2 hanufaiki nayo, kinga yake changa haiitikii sukari tupu inavyotakiwa.

PCV ni sukari hizohizo zilizounganishwa na protini. Protini ndiyo inayoziamsha seli zinazoweka kumbukumbu, hivyo hata mtoto wa wiki 6 anaitikia. Tena PCV hupunguza bakteria wanaokaa puani, jambo ambalo PPSV23 hailifanyi. Hapa ndipo penye faida kubwa isiyoonekana kwenye kadi: mjukuu akichanjwa PCV, bibi anayelala naye chumba kimoja anapungukiwa na hatari.

| | PCV | PPSV23 |
|---|---|---|
| Umri | Kuanzia wiki 6 hadi uzeeni, kutegemea chanjo | Miaka 2 na kuendelea |
| Kumbukumbu ya kinga | Hujengwa | Dhaifu |
| Bakteria wa puani | Hupungua | Hawapungui |
| Sindano | Kwenye msuli | Kwenye msuli au chini ya ngozi |
| Ikirudiwa | Mkono huuma kama mara ya kwanza au karibu na hapo | Mkono huweza kuuma na kuvimba zaidi |

Mtoto mchanga: hapa hakuna cha kuumiza kichwa

Kwa mtoto mchaguzi ni serikali, na imechagua vizuri. Rwanda ilianza kutoa PCV mwaka 2009, Kenya 2011 kwa PCV10, na Tanzania ikaizindua PCV13 mwishoni mwa 2012. Kenya na Tanzania hutoa dozi tatu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, bila malipo. Mzazi anayepeleka mtoto hospitali binafsi huuliza kama alipie yenye tarakimu kubwa. Shirika la Afya Duniani, lilipozilinganisha PCV10 na PCV13 katika mwongozo wake wa 2019, halikuona ushahidi wa kutosha kwamba moja inapunguza ugonjwa kwa jumla kuliko nyingine, ingawa PCV13 inaweza kuwa na nafuu mahali ambapo aina ya 19A inasumbua. Kwangu mimi dozi tatu za kliniki ya mtaa, zikitolewa kwa wakati, zinashinda chanjo ya bei kubwa iliyochelewa miezi minne.

Ushahidi wa karibu kabisa uko Kilifi. Watafiti walifuatilia wakazi wa pale kabla na baada ya PCV10 kuingia, na mwaka 2019 wakachapisha matokeo: kwa watoto wa chini ya miaka 5, ugonjwa mkali wa damu na uti wa mgongo, yaani bakteria akishaingia huko, unaotokana na aina zilizomo kwenye chanjo ulishuka kwa asilimia 92. Ulipungua pia kwa watu ambao hawakuchanjwa. Huo ni mji wa pwani yetu, wenye watoto wanaougua malaria na utapiamlo kama wetu wengine, si maabara ya Ulaya.

Sasa maudhi. Katika majaribio ya PCV13 huko Marekani, ikitolewa pamoja na chanjo nyingine za umri huo, zaidi ya watoto 70 kati ya 100 walilialia, zaidi ya 50 waliumia walipochomwa, zaidi ya 40 walipungukiwa hamu ya kunyonya au kula, na zaidi ya 20 walipata homa, wekundu au uvimbe. Namba zinatisha ukizisoma haraka, lakini karibu yote hayo huisha siku moja au mbili.

Jambo moja wazazi hawaambiwi. Siku ileile ya PCV mtoto huchomwa pia chanjo ya mseto ya magonjwa matano, ile ya paja la kushoto, na PCV huwekwa kulia. Ndani ya mseto ule mna kinga ya kifaduro iliyotengenezwa kwa seli nzima za bakteria, na hiyo inajulikana siku zote kwa kutia homa. Kwa hiyo usiku ule mtoto akichemka na watu wakasema "ni ile ya nimonia", mara nyingi lawama inaelekezwa paja lisilo lake.

Kuhusu dawa ya homa: usimpe mtoto parasetamo kabla ya kwenda kliniki kwa nia ya kuzuia. Utafiti uliofanyika Czech na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba watoto waliopewa parasetamo ya kujikinga walipata homa kidogo, lakini kingamwili zao dhidi ya aina za nyumokokasi zilizomo kwenye chanjo zilikuwa chini. Akishapata homa na akasumbuka, mpe kipimo cha uzito wake alichokuelekeza muuguzi. Aspirini asipewe kamwe. Pajani weka kitambaa safi chenye maji ya baridi, na umnyonyeshe mara kwa mara. Kukanda kwa maji ya moto, kupaka dawa ya kuchua au majani yaliyotwangwa kunaongeza uvimbe na kunaweza kuleta usaha ambao baadaye utasingiziwa chanjo.

Wazazi huogopa pia degedege. Degedege la homa kwa kawaida huanza kuwapata watoto waliofika miezi 6, hivyo katika wiki ya 6 hadi ya 14 ni nadra. Wanaoishi Ulaya au Marekani, ambako mtoto mkubwa kidogo huweza kuchanjwa PCV na chanjo ya mafua siku moja, wajue kwamba zikienda pamoja uwezekano wa degedege la homa huongezeka kidogo. Daktari anaweza kuzungumza nao juu ya kuzitenganisha.

Homa isiyo ya chanjo

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo watoto wanapopotea. Homa ya chanjo huja ndani ya saa 24 au 48 na huondoka. Ikianza siku ya tatu, au ikiendelea baada ya siku mbili, au ikipita nyuzi 39, isisingiziwe chanjo bila mtoto kupimwa. Katika maeneo yetu mpime mtoto malaria siku hiyohiyo. Mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, hizo ni dalili za nimonia. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, au akilegea usiweze kumwamsha, ni wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Mgonjwa wa selimundu, na aliyetolewa bandama

Hawa ndio wanaostahili chanjo zote mbili. Bandama ndiyo inayochuja nyumokokasi kutoka kwenye damu, na kwa mtoto mwenye selimundu bandama huchakaa mapema. Bakteria ambaye kwa mwingine angeleta kikohozi, kwa huyu anaweza kuua ndani ya saa chache. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi huzaliwa na selimundu duniani, kwa hiyo hili ni letu.

Mpangilio unaotumika ni huu: amalize PCV za utotoni, kisha akifika miaka 2 apate PPSV23, na nyingine miaka 5 baada ya hiyo. Kati ya PCV ya mwisho na PPSV23 zipite angalau wiki 8. Pamoja na hayo anaendelea na vidonge vya penisilini kila siku hadi afike miaka 5, chanjo haivifuti. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii asikubali jibu la "ameshachanjwa nimonia kliniki". Kliniki ilitoa nusu ya anachohitaji.

Anayeishi na VVU

Huku ulinganisho una jibu lililo wazi, na lilipatikana Afrika. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio la PPSV23 kwa watu wazima wenye VVU huko Entebbe, Uganda. Chanjo haikuwakinga; waliochanjwa walipata nimonia nyingi kuliko wasiochanjwa. Wakati ule ARV hazikuwa zimefika kwa watu wa kawaida. Mwaka 2010 yakaja matokeo kutoka Malawi, safari hii ya PCV yenye aina 7, kwa watu wazima ambao wengi wao walikuwa na VVU na walishawahi kuugua ugonjwa mkali wa nyumokokasi. PCV ilizuia asilimia 74 ya kurudi kwa ugonjwa unaotokana na aina zilizolengwa.

Kwa hiyo anayeishi na VVU aanze na PCV. PPSV23 inaweza kufuata baadaye kuongeza aina zisizomo, kwa ushauri wa daktari wake. Akiwekewa mezani PPSV23 peke yake kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani, aulize PCV inapatikana wapi kabla ya kulipa. Na hakuna sindano inayochukua nafasi ya ARV.

Mzee wa miaka 60 au 70

Kwa watu wazima wengi wa Afrika Mashariki chanjo hii haimo kwenye ratiba ya serikali. Ni ya kulipia mfukoni. Ndiyo maana uamuzi unawaelemea watoto, na mara nyingi unafanyika kwa simu: mmoja yuko Muscat, mwingine Toronto, mama yuko Tanga.

Ushahidi mkubwa kuliko wote juu ya PCV kwa wazee ulitoka Uholanzi na kuchapishwa 2015. Watu wapatao 85,000 wa miaka 65 na zaidi walishiriki, nusu wakapata PCV13. Nimonia iliyotokana na aina zilizomo ilipungua kwa asilimia 46, na ugonjwa mkali wa damu wa aina hizo kwa asilimia 75. Asilimia 46 si ukuta, lakini kwa mzee mwenye kisukari, moyo au figo mbovu, kulazwa kwa nimonia mara nyingi ndio mwanzo wa kudhoofika kusikorudi nyuma.

Marekani, ambayo tangu Oktoba 2024 inapendekeza chanjo hii kuanzia miaka 50, inampa mtu njia mbili: PCV20 au PCV21 mara moja, basi, au PCV15 kisha PPSV23 baada ya mwaka. Mimi kwa mzee anayeishi kijijini ningechagua sindano moja ya PCV20 kama ipo na fedha zipo. Safari ya pili baada ya mwaka ina njia nyingi za kutotokea. PCV20 isipopatikana, PCV13 leo na PPSV23 mwakani ni mpango mzuri. PPSV23 peke yake ni bora kuliko kukaa bure kwa mzee asiye na VVU, ingawa nguvu yake dhidi ya nimonia ya kawaida ya mapafu imekuwa ikibishaniwa kwa miaka mingi; kazi yake inaonekana zaidi kwenye ugonjwa wa damu.

PCV21 nayo inahitaji neno. Ni mpya, ina tarakimu kubwa kuliko PCV nyingine zote, na mtoto aliyeko Marekani atashawishika kumchanja mama akija kumtembelea. Lakini ilitengenezwa kwa kuangalia aina zinazowaletea ugonjwa watu wazima wa Marekani, ambako watoto wamechanjwa kwa miaka mingi. Aina ya 1 na ya 5 hazimo. Aina ya 1 kwa Afrika ni msumbufu wa siku nyingi, na imo katika PCV10, PCV13, PCV15, PCV20 na PPSV23. Mama anayerudi Tanga ningemchomea PCV20.

Maudhi kwa mzee ni mepesi kuliko kwa kijana, jambo linalowashangaza wengi. Katika majaribio ya PCV20, mkono uliwauma zaidi ya watu 70 kati ya 100 wa miaka 18 hadi 59, na kwa wa miaka 60 na zaidi walikuwa zaidi ya 50. Maumivu ya misuli na uchovu yaliwapata zaidi ya 30 kati ya 100 ya hao wazee, na kichwa zaidi ya 20. PPSV23 ya mara ya kwanza haiko mbali: mkono uliuma kwa watu 60 kati ya 100, ukavimba kwa 20.

Pale mahali pamoja nilipoahidi ni kurudia PPSV23. Kwa watu wa miaka 65 na zaidi, maudhi ya mkono yalipanda kutoka karibu nusu yao kwenye dozi ya kwanza hadi karibu 8 kati ya 10 kwenye dozi ya kurudia, na wengine mkono ulivimba sehemu kubwa. Huisha wenyewe ndani ya siku chache, lakini ni sababu nzuri ya kutorudia ovyo, na ya kutorudia kabla ya miaka 5.

Nani asichanjwe

Aliyepata mzio mkali wa dozi iliyotangulia, au wa kitu kilichomo. Kwa PCV nyingi, ambazo protini yake inatokana na sumu ya dondakoo iliyoondolewa makali, aliyewahi kupata mzio mkali wa chanjo yenye dondakoo naye aseme kabla ya kuchomwa. Mzio mkali wa ghafla ni wa nadra sana, kwa chanjo kwa jumla ni takriban mara moja katika dozi milioni, na huja ndani ya dakika: midomo kuvimba, pumzi kubana, vipele, kizunguzungu. Kaa kituoni angalau dakika 15, ambako adrenalini ipo.

Mafua madogo au kikohozi chepesi si sababu ya kuahirisha. Homa kali ni sababu, mpaka ipoe. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama waferini, anaweza kuchanjwa: amweleze muuguzi atumie sindano nyembamba, na baada ya hapo akandamize pamba dakika mbili au zaidi bila kusugua.

Mpangilio na kumbukumbu

PCV ikitangulia, PPSV23 hufanya kazi yake ya kuongeza aina. PPSV23 ikitangulia, mwili huitikia kwa uvivu ile inayofuata, ndiyo maana mtu mzima aliyekwisha kuchomwa PPSV23 husubiri angalau mwaka kabla ya kupata PCV. Chanjo ya mafua inaweza kutolewa siku moja na yoyote kati ya hizi kwa mtu mzima, mkono wa pili.

Kabla ya kulipa hospitali binafsi uliza maswali matatu: jina kamili la chanjo ni lipi, inaisha muda lini, na imehifadhiwa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8 bila kugandishwa? Kisha hakikisha jina hilo limeandikwa pamoja na tarehe. Kadi nyingi za watu wazima huandikwa "chanjo ya nimonia" tu, na kwa maneno hayo daktari wa mwakani hawezi kujua kama mama anahitaji PPSV23, au asubiri, au amemaliza. Andika PCV20 au PPSV23 kwa tarakimu zake, piga picha, mtumie kila ndugu kwenye kundi la familia.